Nakala Tatu za Orodha ya Vyeti

Mgeni rasmi, Bwana Hiram, mwenyekiti wa kamati inayosimamia kituo chetu. Wazee, akina mama, na majirani wote mliofika hapa Milimani, hamjambo? Mimi ni Cherono, karani. Wenzangu sita wamenituma nisome, na wamenikataza kuongeza langu. Nitajaribu.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tangu Februari tumekujua kwa barua na kwa dereva wako tu. Leo tumekuona kwa macho. Tumefurahi, ingawa tulipoambiwa unakuja na kabati la chuma lenye kufuli mpya, tulitazamana.

TULIKOTOKA

Kituo kilianza Februari ya mwaka huu wa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipowaacha watu na nguo za mwilini. Waliookoa cheti cha kuzaliwa, cha shule au barua ya kugawiwa shamba walituletea kabla mvua na panya hawajavimaliza. Tunapiga picha kila karatasi na kuiweka kwenye kompyuta kwa namba. Namba tu, bila jina. Jina la mwenyewe, kijiji chake na aina ya cheti viko kwenye orodha ya pembeni. Orodha ikipotea, picha elfu kumi na moja zitabaki palepale na hakuna atakayejua ipi ni ya nani.

Ndiyo maana Bhavik, fundi wetu, alikataa orodha ikae mahali pamoja. Nakala moja iko hapa, ya pili ofisini kwako mjini, ya tatu kanisani Gilgil. Jina jipya halihesabiwi kuwa limeingia mpaka nakala mbili zilipokee. Kila Jumatatu tunazilinganisha zote. Moja ikitofautiana, zile mbili zinazokubaliana ndizo zinazoirekebisha.

TULIYOFANYA

Aprili stima iliporudi kwa kishindo, mashine ya hapa iliungua. Tulichukua orodha ya Gilgil tukairudisha yote kwa siku moja, na hakuna jina lililopotea. Mwenzetu Kimaiyo, aliyebeba diski ndani ya sweta, bado anajisifu, na tumemwacha ajisifu.

YANAYOTUSUMBUA

Hapa tunaomba utuvumilie.

Jumatatu tarehe kumi na sita Juni, nakala ya ofisini kwako ilikataa kulingana na zile nyingine. Majina ishirini na moja yalikuwa yamebadilishwa, yote ya barua za mashamba, yote ya upande wa Kariandusi, kule kule ambako wapimaji wa ardhi wameanza kuonekana. Mama Jepleting, aliyeketi pale mbele na kitambaa cha kijani, barua yake ni namba 3176. Karatasi yenyewe ilioza kwenye hema, kwa hivyo picha ndiyo amebaki nayo. Leo akiuliza ofisini kwako kwa jina lake, anaambiwa hayupo.

Mashine iliandika kwamba mabadiliko yalifanywa Jumapili saa nane mchana, kwa neno la siri ambalo wanalo wawili tu: Bhavik na ofisi yako. Saa hiyo Bhavik alikuwa nasi Gilgil akifunga betri, tukimpigia kelele amalize tule. Hatujasema ni nani. Tumehesabu tu, na hesabu yenyewe ni fupi.

Tulitaka kurekebisha kama kawaida. Kabla ya chai ya saa nne barua yako ikafika, na sisi tulikuwa hatujamwambia mtu. Ilisema nakala ya ofisi ndiyo sahihi, tusiiguse, na leo tukukabidhi zile mbili zifungiwe kwenye kabati kwa ajili ya usalama. Mama Jepleting aliposomewa aliuliza, "Kama ni usalama, mbona ni jina langu limetoka?" Tuna hasira, Bwana Mwenyekiti, na tunaogopa pia, maana wewe ndiwe uliyetuandika kazi.

MAOMBI

Viti na betri ya pili vinaweza kungoja. Kabati tunalipokea kwa shukrani, tutaweka vikombe. Nakala hatutazitoa. Ile ya Gilgil haiko tena kanisani, na usiniulize iko wapi, kwa sababu wanaojua ni wawili na mimi si mmoja wao.

Tunaomba jambo moja kabla hujakata utepe wa kufungua kituo rasmi. Kompyuta hii imeunganishwa na ofisi yako, na nakala yako iko wazi. Andika 3176. Juu litatokea jina lililo kwenye orodha yako, na chini picha ya barua, na jina lililoandikwa kwa wino. Tusomee majina yote mawili. Mama Jepleting hakwenda shule, na amepanda gari tangu asubuhi aje akusikie wewe ukiyataja.

Mungu akupe sauti ya kusoma, na sisi atufikishe kesho tukiwa bado tuna kazi.

Ni sisi, wafanyakazi saba wa Kituo cha Kuhifadhi Vyeti, Milimani, Nakuru.