Doa Unyayoni mwa Bi Swaumu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tena, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Bi Swaumu Shomari wa Cheyo, mzaliwa wa Tura, mke mdogo wa fundi cherehani Mzee Lukumani. Bi Swaumu alitutoka mwezi uliopita, kwa saratani ya ngozi. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Habari yake ni ya wivu. Mke mwenzake, Bi Mwamvita, ndiye aliyeniomba niiseme yote. Asiyewahi kuona wivu azime redio, maana mimi mwenyewe ninao wa kugawa.

Ilikuwa mwaka sabini na tatu. Wake wawili, ua mmoja. Mzee Lukumani akishinda kwenye ushirika wa mafundi, jioni anarudi kwa zamu: siku mbili kwa mkubwa, siku mbili kwa mdogo. Zamu hizo zilihesabiwa, wapendwa, na hakuna aliyekosea hesabu.

Ramadhani ile, Bi Swaumu akiwa amesujudu, Bi Mwamvita akaona doa jeusi kwenye unyayo wake wa kulia. Dogo, kama punje ya mtama.

"Nikajua ni piko," aliniambia. "Ile rangi nyeusi ya kujipamba. Si harusi, si sikukuu, kajiremba mpaka chini ya mguu. Kwa ajili ya nani, kama si mume wangu? Roho iliniuma, mwanangu, hata futari haikupita."

Akaanza kuchunguza. Kila swala, macho unyayoni. Idi Kubwa, doa limekuwa kama kifungo cha shati. Maulidi, limetanuka upande mmoja, kingo zimechongoka. Bi Mwamvita akasema moyoni, mwenzangu anaongeza maua. Naye akanunua piko, akapaka nyayo zote mbili. Mzee Lukumani akamuuliza amekanyaga lami wapi.

Baada ya Maulidi Bi Swaumu akaanza kuchechemea. Wakampeleka hospitali. Daktari akakata kipande cha nyama, kikapelekwa kupimwa kwa darubini. Jibu likarudi: saratani ya ngozi. Daktari akauliza, doa lilianza lini, likakua vipi? Mume hajui. Mgonjwa anababaika. Bi Mwamvita akaeleza yote, mwezi kwa mwezi.

"Mama, wewe ni muuguzi?"

"Hapana, daktari. Mimi ni mke mwenza."

Lakini ugonjwa ulikuwa umeshapanda, mtoki umevimba kinenani. Mguu ukakatwa. Siku ile wodini Bi Swaumu akamwambia mwenzake: "Dada, nililijua tangu Idi. Niliogopa kulazwa. Zamu zangu zote zingekuwa zako."

Wapendwa, mmoja aliliona akanyamaza. Mwingine alilijua akalificha. Wote kwa mume mmoja, ambaye hakuliona kabisa.

Bi Swaumu aliishi miaka miwili zaidi. Bi Mwamvita alihamia chumbani kwake, akamuuguza mpaka mwisho. Mzee Lukumani anasema miaka ile alilala peke yake, na hakuna aliyemuuliza.

Tunampa pole Mzee Lukumani, na ndugu wote wa Tura. Pole zaidi kwako, Bi Mwamvita, uliyeniambia, "Nimeuonea wivu ugonjwa, miezi sita mizima."

Nasi tutazame nyayo za watu wetu. Ukiona doa, uliza. Uliza hata kama hamsemeshani.