Pasi Iliyofungwa Ufunguo wa Choo

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya kiwanda chetu; Meneja; Msimamizi wa safu yetu; nanyi wenzetu mliosimama huku nyuma mkibadilisha miguu:

UKARIBISHO

Karibu sana. Sisi mafundi wa safu ya mashati tumefurahi kukuona kwa macho, kwa maana hadi leo tulikujua kwa picha ya pale mapokezi, ambamo unaonekana mkali kuliko ulivyo. Viti ni vichache, lakini cha kwako tumekifuta.

TULIKOTOKA

Safu hii ilianza na cherehani za miguu, katika chumba kilichokuwa ghala la magunia. Wamo kati yetu waliozunguka viwanda vingi kabla ya kutua hapa, nao wanasema hapa panakalika: mwanga upo, feni zinazunguka, na umbea ni wa hali ya juu.

MAFANIKIO

Mashati yetu hayarudishwi. Sifa kubwa ni ya mwenzetu tunayemwita Fundi Kola, kwa kuwa kola ndiyo inayomwangusha fundi, na yeye haijamwangusha. Tena ndiye aliyekuwa akituchekesha, na safu inayocheka haisinzii. Tunasema "aliyekuwa" ingawa yu hai, kasimama pale mstari wa mbele, kafunga sweta kiunoni na joto lote hili.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, tunaomba usione haya. Sisi za kwetu zimekwisha.

Choo cha wanawake kina ufunguo mmoja. Uliwahi kupotea, basi Msimamizi akaufunga kwa waya kwenye pasi ya chuma iliyoungua, ili usipotee tena. Kweli, haujapotea. Lakini anayebanwa humwendea Msimamizi, akaomba, akabeba pasi kifuani, akakatiza ukumbi mzima. Mafundi wa kukata vitambaa humsindikiza: "Dada, leo unanyoosha nini?" Tukajitungia dawa: tukaacha kunywa maji, na kila kengele ya mapumziko ikilia tukajipanga wote nyuma ya pasi, mwenye haja na asiye na haja.

Fundi Kola alipojifungua mapacha, dawa hiyo ikamgeuka. Siku moja mtu wa vifungo alisema neno, yeye akacheka mpaka machozi, kisha ghafla akabana mapaja. Kilichotoka hakikuwa machozi peke yake. Ndipo sweta ikaingia kiunoni, na kicheko kikaondoka.

Akamwambia wifi yake, ambaye ni muuguzi, "Wifi, mwisho wa mwezi naacha kazi. Mwili umenizeekea."

"Umezeeka wapi wewe? Maji unakunywa?"

"Kikombe. Nikifika nyumbani."

Wifi akaguna. "Sikiliza, mshonaji. Kibofu ni mfuko wa msuli, unatanuka. Ukijaa unapeleka habari kichwani, na kichwa kinajibu: subiri. Chini yake kuna misuli imetandazwa kama machela, toka mfupa wa mbele hadi wa mkia. Imebeba kibofu, mji wa mimba na utumbo. Hiyo ndiyo inayobana njia ya haja ndogo na ya haja kubwa, na ndiyo inayolegea ukishakaa chooni. Yako mapacha wameivuta kama lastiki."

"Lastiki ikilegea mimi huitupa."

"Hii hutupi. Hii hufunzwa. Ikaze kama unayezuia upepo mbele ya baba mkwe, ilegeze, rudia. Na maji unywe. Usipokunywa mkojo unakuwa mkali, kibofu kinawashwa, kinaita ovyo. Haja kubwa nayo inakauka, inarundikana, inamkandamiza jirani yake. Tena hiyo ya kwenda kila kengele iache. Unakizoesha kibofu kuita kabla hakijajaa. Nenda ukihisi. Lakini ukihisi, nenda."

"Na pasi je?"

Muuguzi hatibu pasi.

Basi mwenzetu anafanya mazoezi, nasi pia, papo hapo kwenye cherehani. Hata ukitukodolea macho hutajua. Sweta imeanza kulegea fundo. Maji tunakunywa. Kilichobaki ni pasi, na mwisho wa mwezi hauko mbali.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi ya feni na sindano. Tumeyakunja. Tunaomba moja: ufunguo uning'inie ukutani, peke yake, achukue anayehisi bila kumwomba mtu. Msumari tunao. Tukipata hilo, Fundi Kola ameahidi kubaki.

La pili ni la dharura. Choo kilisuguliwa jana jioni kikafungwa, ili wewe ukikute kinang'aa. Heshima hiyo unastahili. Ila tangu asubuhi tunakungoja, tumekunywa maji kama tulivyofundishwa, na bado kuna hotuba mbili na wimbo. Pasi imefichwa chini ya meza kuu, nyuma ya kitambaa cheupe ulichotandikiwa. Ukinyoosha mguu wa kulia utagusa kitu kigumu. Ndiyo hiyo.

Fundi Kola yuko karibu nawe. Mpe tu, wala usimwulize ananyoosha nini.

Mungu akujalie afya, umri mrefu, na mlango ulio wazi popote utakapobanwa. Wimbo tutauimba akirudi, na wa nyuma yake akirudi.

Ni sisi,
Mafundi wa Safu ya Mashati.