Joto la Jana

Kijiwe chetu kilihama wiki tatu zilizopita, na asikudanganye mtu kwamba tulihama kwa hoja. Tulihama kwa ajili ya migongo. Zamani benchi lilikuwa mbele ya duka la vipuri. Sasa liko ubavuni mwa bekari ya shemeji, pale ukuta ulipo na uvuguvugu mzuri asubuhi, birika la kahawa likiwa miguuni. Wenye benchi ni watatu. Kuna Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Kuna Wakili, fundi viatu ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi. Na kuna mimi, fundi cherehani, mwenye akili timamu peke yangu. Shemeji tunamwita hivyo kwa sababu marehemu mumewe alikuwa mwenzetu wa benchi.

Asubuhi hiyo alitoka na mkate mmoja, akaukata mbele yetu. Nje umepata rangi kidogo, ndani unga mbichi. Akasema imetosha, kesho kuni zinarudi. Sote tunajua habari ya kifua chake. Miaka ishirini amepuliza moto, mpaka daktari akamkataza moshi kabisa, ndiyo maana akaweka sola juu ya paa. Mchana umeme wa jua unapasha nyaya zilizofukiwa ndani ya pipa kubwa la mchanga, mchanga unakaa na joto lake usiku kucha, alfajiri feni inalipeleka tanurini. Ndivyo alivyoelezwa. Lakini kila alfajiri anakuta joto limebaki nusu, na hajui linakokwenda. Alirudi ndani akikohoa, nasi tukafungua kikao.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, alianza Breki. Mchanga ule umetoka mtoni. Umezoea baridi tangu kuzaliwa. Utaufundishaje joto ukubwani? Samaki mkunje angali mbichi.

— Breki, mchanga si mtoto wa shule.

— Lakini una tabia.

Nikamwambia hata huo wa mtoni ukianikwa juani unaunguza nyayo. Akajibu kwamba hapo unaunguza kwa hasira tu, hasira si tabia. Nikanywa kahawa yangu.

Wakili alitaka kwanza tujue joto ni mali ya nani. Kwa maelezo yake ni mali ya jua, na jua likizama linaondoka na vyombo vyake kama mpangaji yeyote anayehama. Kinachobaki pipani ni kile kilichosahauliwa.

— Sasa dawa yake?

— Kufunga madirisha mapema, jua lisione lilichoacha. Mkataa kwao mtumwa, na joto nalo lina kwao.

Niliona aibu kukaa bila nadharia, nikatoa yangu: mchanga ukipata moto unatanuka, chembe zinaachana, joto linachujika chini kama maji kwenye chekeche. Nilijisikia msomi kabisa. Wakili akasema nimekaribia, ila kuna mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alimshuku paka wa bekari, anayelala juu ya pipa usiku kucha na kuamka amenona.

— Paka atamezaje joto la magunia thelathini ya mchanga?

— Wewe ulishampima?

Hapo Breki akatoa hoja aliyosema ni ya mwisho. Pipa halina kosa hata chembe; shemeji ndiye hajazoea kuoka bila moshi. Akaupiga ukuta nyuma yake kwa kiganja.

— Joto limo. Mgongo wangu huu miaka sita haukuinama, sasa nafunga kamba za viatu mwenyewe. Na hili ni joto la jana, jamani. Jua limezama, limechomoza tena, na la jana bado lipo. Mnataka ushahidi gani?

Hakuna aliyebisha. Tuliegemea wote watatu tukafumba macho, na nakiri ushahidi wenyewe ulikuwa mtamu.

Tukiwa hivyo akafika mama mmoja mtu mzima, begi mkononi, akajitambulisha kuwa ni dada mkubwa wa shemeji, amekuja kuchochea kuni badala ya mdogo wake. Tulimkaribisha, Breki akammiminia kahawa. Alipoegemea ukuta tu, akajiondoa. Akaweka kiganja ukutani, akakitembeza taratibu kwenda kushoto, kisha kulia, mpaka pale ukuta ulipopoa.

— Pipa liko nyuma ya hapa?

— Hapa hapa, alisema Breki kwa fahari. Limegusana na ukuta.

— Si niliambiwa limevikwa magodoro ya kuzuia joto?

— Limevikwa, ila upande huu. Chumba ni kidogo, fundi akasema ukuta wenyewe unatosha.

— Na ukuta umekuwa hivi tangu lini?

— Tangu siku ya pili ya pipa. Ndipo tukahamisha benchi.

Yule mama aliutoa mkono ukutani. Alikiangalia kiganja chake. Ndani mdogo wake alishikwa na kikohozi kile kirefu kinachotoka chini kabisa, na dada mtu akangoja mpaka kikaisha.

— Wiki tatu mnaota joto lake hapa, alisema kwa sauti ya upole. Nani kati yenu alimwambia?

Breki alimtazama Wakili, Wakili akanitazama mimi. Nikatafuta methali, yoyote ile, hata ya kupachika tu, sikuipata. Mwishowe niliinuka nikaenda kugonga mlango wa bekari. Ni hatua kumi tu, na zote kumi nilikuwa natafuta neno la kuanzia.