Risala ya Mafundi wa Karakana ya Mkoa Kuhusu Kizibo Kilichosahaulika

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Gavana, Bwana Meneja, madereva na mafundi wenzetu: karibuni kwenye joto la tanuri letu.

Tunakushukuru kwa kuvuka barafu yote hiyo kuja kutazama injini. Wageni wengi huishia ofisini, wakanywa chai ya maziwa na kuondoka. Wewe umeomba kuingia ndani, nasi tumeona tukueleze mambo kama yalivyo.

HISTORIA FUPI

Karakana hii ina miaka thelathini na minane. Tuko mafundi tisa, watatu kati yetu wanawake. Tunafumua na kuunda upya injini za magari ya wagonjwa, ya zimamoto na ya shule kutoka tarafa kumi na nne. Kwa miaka ishirini na mmoja idara ya injini iliongozwa na Mzee Luvsanjav.

TUKIO LA MWEZI WA PILI

Mheshimiwa, taarifa uliyoletewa ina kurasa mbili. Sisi tulikuwepo.

Injini ya gari la wagonjwa la tarafa ya kaskazini ililetwa wiki mbili kabla ya Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Ofisi ya mkoa ilipiga simu mara mbili ikitaka gari liwe limerudi kabla ya sikukuu. Hatusemi hivi kumlaumu mtu. Gari lilihitajika kweli.

Injini ikifumuliwa, bloku, yaani mwili wake wa chuma, huoshwa kwa dawa ya moto. Ili dawa ipite kwenye njia za oili, vizibo vyote hung'olewa. Vya zamani hutupwa, na vipya huchukuliwa kwenye kopo lenye vizibo vingi. Kwa hiyo ukisahau kimoja, mezani hakibaki kitu cha kukukumbusha. Kilichosahaulika kilikuwa kidogo kama ncha ya kidole, na tundu lake liko mbele ya bloku, nyuma ya kava la cheni. Kava likishafungwa, hakuna jicho linaloliona tena, wala oili haidondoki nje. Inarudi chini ndani kwa ndani badala ya kupanda kwenye beringi.

Kulikuwa na kosa la pili. Waya wa kihisi cha presha ya oili haukuchomekwa. Ukizungusha ufunguo, taa nyekundu inatakiwa iwake kwanza, kisha izime injini ikishanguruma. Yetu haikuwaka tangu mwanzo. Dereva Jambal aliuliza kama ni sawa, nasi tukamjibu kwamba taa ikiwa haipo, presha ipo. Akaondoka.

Gari lilitembea siku tatu bila neno. Siku ya nne, saa tano asubuhi, Jambal alikuwa anamleta hospitali mama mjamzito, Otgonjargal, pamoja na mkunga Sarangoo. Kilomita sabini kutoka hapa injini ilianza kugonga, kisha ikakwama. Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, na injini ikizima, joto la ndani huzima nayo. Jambal alivua joho lake la ngozi ya kondoo akamfunika mama, akatoka kuchoma tairi la akiba ili moshi uonekane. Mfugaji mmoja aliuona akaja na gari lake, lakini saa mbili zilikuwa zimepita. Mtoto wa kike alikuwa ameshazaliwa.

Mama na mtoto wako hai. Mkunga Sarangoo alifanya kazi bila glavu muda wote ule, na amekatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto zilizokufa kwa baridi.

Injini iliporudi, Mzee Luvsanjav aliifungua mbele ya kamati. Alimulika tundu kwa tochi, akasema, "Hapa nilitakiwa nichungulie mimi. Saini ni yangu." Kamati haikuuliza zaidi. Tangu siku hiyo yeye ni mlinzi wa lango.

TUNAVYOFANYA SASA

Hatuhesabu tena vizibo, tunahesabu matundu. Kila aina ya injini ina mchoro wake ukutani, na kila tundu lina namba. Kizibo kikikazwa hutiwa doa la rangi ya njano, na kava halifungwi mpaka fundi wa pili apitishe kidole kwenye kila doa. Vihisi na waya zake hukaguliwa hivyohivyo. Kabla ya kuwasha, tunaizungusha pampu ya oili kwa drili huku geji ikisoma presha. Na taa nyekundu isipowaka kwanza, gari halitoki.

Injini kumi na saba zimeshatoka kwa utaratibu huu, na hakuna hata moja iliyorudi. Michoro yote ile, Mheshimiwa, imechorwa kwenye kibanda cha lango, wakati wa chakula cha mchana.

MAOMBI

Tunaomba geji mbili za presha, maana iliyopo ni moja. Tunaomba pia siku ya ukaguzi isihesabiwe kuwa ni siku ya kuchelewa.

Ombi la tatu wenzangu wameniruhusu niliseme kwa "mimi", kisha nitarudi kwenye "sisi".

Naitwa Khongorzul. Aliyesahau kile kizibo ni mimi. Waya pia ni mimi. Nilitaka kusema mbele ya kamati, mdomo ukagoma. Wiki iliyofuata nilikwenda langoni nikamuuliza Mzee kwa nini hakunitaja. Alinimiminia chai, akasema, "Wewe ulisahau. Mimi nilisaini bila kutazama. Sasa kunywa, halafu tuhesabu matundu ya ile ya zimamoto."

Mheshimiwa, kosa langu liandikwe kwa jina langu, na adhabu yake niko tayari kuipokea. Mzee Luvsanjav arudi kwenye injini.

HITIMISHO

Sisi mafundi tunakutakia barabara nyeupe, yaani ya heri, mpaka nyumbani, na mifugo ya kwenu ivuke baridi hii salama mpaka majani mapya. Ukitoka, anayekufungulia lango ndiye yeye. Tunaomba usimame kidogo.

Ni sisi,
Mafundi wa Idara ya Injini, Karakana ya Magari ya Mkoa.
Imesomwa na Khongorzul.