Mwalimu Tobias Mahona na Jina Asiloweza Kulitaja

Padre, wazee wetu shikamooni, walimu na wanafunzi, majirani wa hapa Tabora mjini, nanyi ndugu mliopanda lori kutoka Nzega tangu jana, poleni na safari, poleni na msiba. Naitwa Damas Mayala, karani wa stesheni, kaka wa mjane, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu kwa kuwa, wamesema, sauti yangu haitetemeki. Ni kweli haitetemeki, tangu Jumanne sisikii kitu ndani yangu, si uchungu wala njaa, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika.

Mwalimu Tobias Mahona alizaliwa tarehe 14 Machi 1912 kijijini Lusu, Nzega, mtoto wa pili wa Mzee Mahona na Mama Getruda, wakulima wa mtama. Alianza kusoma kwa katekista wa kijiji mwaka 1921, akaendelea katika shule ya misheni Ndala kuanzia 1925 hadi 1930, akafuzu ualimu mwaka 1932. Mama Getruda, ambaye naye hatunaye tena, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichora ng'ombe kwa mkaa kwenye kila ukuta uliopakwa udongo mpya, akachapwa kwa kila ng'ombe, na hakuacha.

Alifundisha Igunga tangu mwaka 1933, na mwaka 1938 misheni ilimpeleka Kampala kusomea michoro na kazi za mikono, akarudi na cheti na suruali fupi ambayo wazee wa Lusu hawakuipenda. Mwezi Januari 1941 alifungua darasa la michoro na ufundi katika shule ya misheni hapa Tabora, akalifundisha kwa miaka kumi na mitano, na wengi mliosimama pale nyuma ni matunda ya darasa hilo.

Mnajua alivyofundisha. Kwa majuma mawili ya kwanza hakuna aliyeshika penseli ya kuchorea, kila mwanafunzi alitumwa kijijini kwa mfinyanzi, mchonga vigoda au msuka vikapu, akaamkie, akae, asaidie kuchota maji au kupasua kuni, ndipo aulize, na jioni aandike aliambiwa nini, na nani, na siku gani. Kisha alirudi kumsomea yule fundi maneno yake mwenyewe, na kama fundi alisema hapana, sikusema hivyo, ukurasa uliandikwa upya. Aliwafundisha kuandika barua kwa mnunuzi na kwa Bwana Shauri wa wilaya, sentensi ya kwanza wewe ni nani, ya pili umetengeneza nini, ya tatu umejifunza kwa nani, na aliwasimamisha mbele ya wenzao waieleze kazi yao kwa maneno machache. Mussa, ambaye leo ana karakana yake mwenyewe, siku ya kwanza alieleza kigoda kimoja muda mrefu hadi wenzake wakakikalia, na mwalimu akamwambia kwamba hapo kigoda chenyewe kimeshaeleza zaidi yake. Sheria yake kubwa ilikuwa moja, mstari wa jina la fundi hauachwi wazi.

Jumamosi tarehe 8 Juni 1935, katika kanisa la Ndala, alifunga ndoa na dada yangu Apolinaria, wakajaliwa watoto watatu, Josepha mwaka 1936, Ambrosi mwaka 1939 na Paskazia mwaka 1943. Tangu siku hiyo mama yetu akawa mama mkwe wake, naye alishika heshima ya ukwe kama walivyoishika wazee, alipomwona njiani alikata kwenda porini hadi mama apite, hakula mbele yake, na jina lake hakulitaja kwa mdomo wala kwa kalamu.

Mwaka 1951 yalifanyika maonyesho ya kazi za mikono Dar es Salaam, na mwalimu alichagua kikapu cha ukindu chenye kifuniko kilichosukwa na mama yetu, chenye miduara kumi na tisa, ambayo ni kambi alizolala baba yake mama, aliyekuwa mpagazi, akibeba pembe kutoka Tabora hadi Ujiji. Kadi ya maonyesho ilikuwa na mstari wa jina la fundi. Kulitaja jina hakuweza, kuuacha mstari wazi hakuweza, akaandika kwamba fundi hajulikani. Kikapu kilipewa nafasi ya kwanza, kikapelekwa Ulaya kuwekwa katika jumba la makumbusho, na kadi yake ikaenda nacho.

Oktoba 1952 ilikuja barua kutoka huko, wakiuliza kama jina la fundi linaweza kupatikana kabla hawajachapa kitabu chao. Mwalimu aliniletea barua hiyo stesheni, akasimama dirishani kama abiria, akaniomba niijibu mimi, kwa kuwa dada hajui kuandika, na kumtuma mwanafunzi amtajie mkwe wake aliona ni sawa na kumtaja mwenyewe. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba wafinyanzi wote wa Unyamwezi wameandikwa majina na wanafunzi wake, mama yangu peke yake ndiye hajulikani, basi aliyeandika hivyo na afute mwenyewe. Alikunja barua akaondoka. Mwaka 1954 alikuja tena, nikasema nina kazi nyingi, na sikuwa na kazi nyingi.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza Agosti 1954, akafundisha hivyo hivyo akiwa na kitambaa mkononi, hadi tarehe 3 Februari mwaka huu alipolazwa katika hospitali ya serikali hapa Tabora. Jumapili iliyopita nilimkuta ameweka karatasi na bahasha juu ya blanketi, akazisogeza upande wangu. Nikamwambia kesho. Kesho yake kulikuwa na treni ya mizigo iliyochelewa, sikwenda. Jumanne tarehe 6 Machi 1956, saa nne asubuhi, alifariki dunia, siku nane kabla ya kutimiza miaka arobaini na minne.

Jana, wakati jeneza likipigwa misumari uani, niliingia chumba cha wanawake nikamwambia mama kwamba kwa miaka hii yote nimemgombania heshima yake kwa marehemu. Mama aliniuliza heshima ipi. Nikamweleza habari ya kadi. Alisema, "Wewe Damas, ulitaka mkwe wangu anitaje kama anaita mbuzi? Yeye alininyamazia, ndiyo adabu. Mwenye mdomo wa kunitaja ni wewe niliyekuzaa." Nililoliona ni kosa la marehemu lilikuwa kazi yangu, aliniletea mara tatu, na mara tatu niliikataa.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia kwa mwezi mzima, mapadre waliompa sakramenti, walimu wenzake walioshika vipindi vyake, wanafunzi waliochonga msalaba huu, na jirani yetu Bi Kuluthumu, ambaye kwa siku zote thelathini na mbili alipeleka uji wodini, na leo amewafungulia wageni nyumba yake. Kama kuna tuliyemsahau atusamehe, vichwa vyetu havipo.

Barua nimeiandika leo alfajiri. Nilifuata alivyowafundisha, mimi ni nani, kazi ni ipi, nimeijua kwa nani, kisha nikamsomea mama, akanisahihisha jina la kambi moja, nikaiandika upya. Kitabu chao huenda kimeshachapwa, sijui. Lakini shemeji, kabla udongo haujaanguka, nalitaja mbele ya watu wote hawa jina ulilolinyamazia miaka ishirini: fundi wa kikapu kile ni Minza binti Ngollo, wa Lusu. Nimechelewa, nisamehe. Mwalimu Tobias, umeshamaliza sehemu yako, lala kwa amani ya Bwana.