Chumba cha Juu Kibaki kwa Akina Mama

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wetu Chaudhry Fazal, Apa Mehrunnisa, dada yetu mkubwa tunayekuaga leo, akina mama na mabinti wa chumba cha juu, na ninyi wazee wenzangu wa kiwandani mliokuja kwa ajili ya biriani: assalamu alaykum.

Mimi Karam Dad ndiye niliyeanzisha kituo hiki. Naona mke wangu Resham ameinua uso pale mstari wa pili, basi ngoja nijirekebishe kabla sijarekebishwa. Sikukianzisha. Nilikipinga. Miaka kumi na miwili iliyopita Apa Mehru alikuja mbele ya kamati yetu kuomba chumba cha juu kwa ajili ya wanawake wanaofika hapa Blackburn bila kujua basi wala daktari. Ni mimi niliyesimama nikasema kile chumba kinahitajika kwa meza ya karata. Nilishindwa kwa kura moja. Sitamtaja aliyenigeuka, anakohoa pale nyuma.

Mnajua sisi tulivyofika. Tulikuja vijana, wanaume watupu, kumi na wawili nyumba moja, kitanda tukikilalia kwa zamu, na kiwanda kikatufundisha yote tuliyoyahitaji, yaani mashine, saa na matusi. Mabinti wanaoletwa huku Uingereza leo kutoka Mirpur, Gujarat na Sylhet, wao wanafundishwa na nani? Mume yuko kwenye teksi tangu asubuhi, mama mkwe yuko jikoni, na nje ya mlango kuna baridi na watu ambao salamu yao hawaijui.

Apa Mehru naye alikosea mwanzoni, na nitasema hata kama tunamuaga. Alibandika tangazo mlangoni: Msaada kwa Wanawake. Miezi miwili hakuja mtu. Nani amruhusu mkaza mwana wake aingie mlango ulioandikwa msaada, ili majirani waseme nyumba ile ina jambo? Akalibandua, akaandika Darasa la Cherehani. Halafu akafanya kitu ambacho sisi wenye kamati tatu tusingekifikiria. Alipanga viti sita vizuri kwa ndani, kando ya mlango, viti vya mama wakwe.

Resham wangu alikuwa wa kwanza kukalia. Alimpeleka Shumaila, mke wa mwanangu Waqas, ambaye alikuwa na miezi michache tu hapa. Akasema akiwa bado na koti, "Mimi sikuja kushona. Nimekuja kumlinda huyu."

"Afadhali, Khala," Apa Mehru akamjibu, "maana mlinzi hatukuwa naye. Kaa hapa, chai inakuja."

"Na humo ndani mnazungumza nini?"

"Tunawasengenya mama wakwe. Sogeza kiti usikie vizuri."

Mwezi wa pili Resham aliniambia, "Mzee, leo nimepanda basi peke yangu mpaka sokoni na kurudi. Wale wezi uliokuwa ukinitajia miaka thelathini sikuwaona. Labda walikuwa likizo."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe kusimama hapa. Shumaila ameniruhusu. Nilimwuliza jana jikoni, akasema, "Baba, sema yote, usijipunguzie."

Ilikuwa Februari iliyofuata. Resham alikuwa Mirpur kwenye msiba wa kaka yake, na Shumaila alikuwa na mimba ya miezi saba. Kwetu barua hufunguliwa na baba mwenye nyumba. Mnajua, wazee, msitazame dari. Ikaja barua ya hospitali yenye jina la Shumaila, nikaifungua. Shule yangu ni ya madarasa manne, lakini niliielewa: amepimwa, hali si nzuri, afike haraka. Niliielewa, ndugu zangu. Asinitetee mtu kwa kusema sikusoma.

Kilichonifunga mdomo ni haya. Baba mkwe amwambieje mkaza mwana habari za tumbo lake? Hata Waqas nilishindwa kumtajia, maana mambo hayo kwetu baba na mwana hawayazungumzi. Nikaitia barua mfukoni mwa koti, nikasema Resham akirudi atayamaliza yeye. Siku nane nilitembea nayo. Nilikwenda nayo msikitini. Nilicheza nayo karata humu ukumbini, na juu ya kichwa changu nasikia cherehani ya Shumaila ikilia.

Siku ya nane Apa Mehru alimwona anashindwa kushika mkasi. Vidole vimevimba, kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli.

"Mwanangu, hospitali hawajakuandikia?"

"Barua anafungua Baba."

Apa Mehru aliuchukua ule mkasi, akauweka mezani. Alishuka ngazi, akaja mpaka mezani kwetu, mahali ambapo mwanamke hakuwahi kukanyaga, akanyoosha mkono.

"Bhai Karam, barua."

"Barua gani, dada?"

"Hiyo unayoishikashika mfukoni tangu nisimame hapa."

Nikampa. Wenzangu walijifanya wanahesabu karata.

Shumaila alikimbizwa hospitali, na mjukuu wangu alitolewa jioni ile kwa upasuaji, kilo moja na robo, mdogo kiasi kwamba niliogopa kupumua karibu naye. Daktari alisema tungechelewa siku moja tu zaidi, angetupa habari nyingine. Wako hai wote wawili. Wiki sita nilikaa kwenye korido ya hospitali, na Shumaila hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu, ningelala.

Leo Apa Mehru anastaafu, na chumba kile kimeandikwa kwa jina lake peke yake. Akiondoka, kinarudi kwa kamati, na tayari kuna wanaokitamani, kama nilivyokitamani mimi. Binti anayeshuka kwenye ndege Manchester wiki ijayo na sanduku lake moja, nani atavitazama vidole vyake?

Apa Mehru, tulikupa ngazi mbovu na paa linalovuja, nawe ukaturudishia watu wetu wakiwa hai. Sina shukrani inayotosha.

Nanyi nawashukuru kwa masikio yenu, hasa mlioanza kunusa wali ukipita na bado mmevumilia. Nina neno moja kwa Mwenyekiti, kisha nakaa. Chaudhry Fazal, karatasi ya kukiandika chumba kwa jina la chama cha akina mama iko mbele yako, chini ya sahani, na haina saini. Unakumbuka siku uliyosinzia kwenye mashine yako, kitambaa kikaharibika urefu wa mtaa mzima, msimamizi akaja mbio, nami nikasema ni mimi? Nilifagia vumbi la pamba miezi mitatu kwa ajili yako. Ukaniambia, "Karam, siku yoyote niombe jambo dogo, sitakataa." Miaka arobaini na nane sijaomba. Sogeza sahani, Chaudhry. Kalamu hii hapa.