Askari Aliyesinzia Mpakani

Fundi cherehani hakukusudia kusikiliza, ila kama macho hayana pazia, masikio hayana hata mlango, na basi lilikuwa nusu tupu. Kwenye kiti cha mbele yake mwalimu mstaafu alikuwa akimweleza muuza mayai kazi ya chama chao: kuwakalisha pamoja maofisa wastaafu wa jeshi kutoka nchi mbili jirani, wanywe chai na kuzungumza.

"Serikali ndiyo imewatuma?" aliuliza muuza mayai, trei zake mapajani.

"Hapana, mama. Aliyetumwa hulinda maneno ya aliyemtuma. Wetu huja na yao wenyewe."

"Na hizo chai zimezaa nini, mwalimu? Mwaka juzi mpaka ulipofungwa, mayai yangu yaliozea safarini."

"Juzijuzi vijana wa pande zote waligombea kisima. Ofisa wetu mmoja alimpigia simu mwenzake wa ng'ambo, wakawatuliza wakubwa kabla askari hawajapakiwa kwenye malori."

"Mbona sikusikia habari hiyo?"

"Hiyo ndiyo faida yenyewe, mama."

Muuza mayai aliguna. Fundi naye nusura agune, akakumbuka kwamba yeye hayumo.

Basi likasimama mpakani. Kizuizi kilikuwa juu, na chini yake askari amesinzia kitini, viatu pembeni, soksi zimeanikwa juani.

"Mtazame huyo," alisema muuza mayai akishuka na trei zake polepole, kama aliyebeba mtoto. "Tunamlipa mshahara alale."

"Mungu amzidishie usingizi," alijibu mwalimu, akamshikia mlango.